Turbo ya Karani wa Majani

Mimi simu ikitoka mkononi mwangu imepona, imepona. Sipendi kubishiwa. Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Sotik, na hata watu wa upande wa Kisii huja hapa kwa sababu wanajua Ayoo habahatishi. Kwa hivyo Chepkosgei aliporudi mara ya tatu kuniambia simu bado inakwama, nilikasirika.

Chepkosgei ni karani wa kituo cha majani chai karibu na Ndanai. Mizani hutuma kilo kwa simu, simu hutuma kiwandani, risiti inatoka, mkulima anaenda zake. Simu ikikwama foleni nzima inasimama, na majani yanaanza kuungua kwa kubanana ndani ya magunia. Wiki iliyotangulia lori la kiwanda lilikuwa limekataa magunia kumi na moja. Wakulima walimlaumu yeye: ati ni mzito, ati anachati kazini. Kamati ya kituo ilimpa mpaka Ijumaa. Ikikwama tena, kazi itapewa mwingine.

Nami nilikuwa nimeifungua simu hiyo mpaka ndani ya mfumo wenyewe, nikaiwekea programu ndogo ninayoiita turbo. Kazi yake ni moja tu, kuizuia simu isipunguze mwendo. Alhamisi hiyo niliichomekea waya wa chaji kama kawaida yangu, nikaandika amri, nikasoma namba ya mwendo. Ilikuwa juu kabisa. Nikamwambia turbo iko kazini, shida ni vidole vyake, afadhali aache uvivu.

Hakunijibu kwa hasira. Machozi yalimlenga, akasema polepole, "Ayoo, kesho wananitoa."

Nikaona haya kidogo, nikaahidi kwenda naye. Lakini wacha niseme ukweli: nilikuwa naenda kuthibitisha kwamba mimi ndiye niko sawa.

Ijumaa saa nne tulikuwa kituoni. Foleni ilikuwa ndefu, na mwenyekiti wa kamati, mzee Jonah, alisimama kando ya mizani, mikono nyuma, akiangalia. Magunia matatu yalipita vizuri. La nne, simu ikakwama. Watu wakaguna.

Nikaichukua, nikaandika amri ile ile. Namba ilikuwa chini, hata nusu ya ile ya jana haikufika. Programu yenyewe ilionyesha alama ya kijani, ati kila kitu sawa, kumbe turbo imelala fofofo. Joto lilinipanda shingoni.

Nikamuuliza Chepkosgei alikuwa ameigusa wapi tangu jana. Akasema hakuna mahali, ila asubuhi aliwasha ile hali ya kubana chaji ili betri idumu, kama kila siku. Kituoni hakuna stima, na lori likichelewa unaweza kupima majani mpaka saa kumi na mbili jioni. Makarani wote hufanya hivyo. Nikaizima hali hiyo, namba ikaruka juu. Nikaiwasha, ikashuka. Hiyo kubana chaji ndiyo ilikuwa inaikaba turbo! Na kule kwangu, nikichomeka waya, hiyo kubana chaji inajizima yenyewe. Mara tatu nilikuwa nimepima simu iliyo kwa chaji, na mara tatu nikamtusi mtu bure.

Nikaizima, nikachomeka pawabenki yangu ili chaji isiishe. Gunia la nne likapita, la tano, la sita, risiti zikitoka moja baada ya nyingine. Kazi ilikuwa imeisha, nikafikiri. Lakini mzee Jonah alikuwa amesikia yote.

Akanigeukia, watu arobaini wakisikiliza, wengi wao wateja wangu. "Kwa hivyo fundi, ni karani mwenyewe alikuwa anaizima hiyo dawa yako kila asubuhi?"

Ningesema ndiyo, na haungekuwa uongo mtupu. Mkono wake ndio uliobonyeza. Jina langu lingebaki safi Sotik nzima. Chepkosgei aliinamisha kichwa juu ya mizani, akingoja niseme.

"Hapana, mwenyekiti," nikasema. "Yeye alibana chaji vile karani yeyote angebana. Mimi ndiye sikumuuliza anafanyia kazi wapi. Nilipima simu ikiwa kwa waya, halafu nikamwita mvivu. Kosa ni la fundi."

Mama mmoja nyuma akasema kumbe hata Ayoo hukosea, na wengine wakacheka. Iliniuma, siwezi kudanganya. Mzee Jonah akatazama magunia yaliyopangwa mpaka barabarani, kisha akamwambia Chepkosgei mbona amesimama, aite anayefuata.

Chepkosgei akainua kichwa, akaita. Sauti yake ilifika mpaka kwa mtu wa mwisho.