Neno la Kunyanyukia Mezani

Jumatano, siku moja baada ya mazishi, Tove Ravnkilde alipakua viazi vya kuchemsha saa kumi na mbili jioni kama kawaida, akavimwagia mchuzi mweupe, akageuka kuweka sahani mbili mezani. Mama yake alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake cha siku zote, upande wa dirisha, na kitambaa cha kulia mapajani. Alikuwa na lile gauni la bluu walilomzika nalo. Tove akarudi kabatini kuchukua sahani ya tatu.

"Viazi vimepondeka," mama akasema.

"Ni vya mwaka jana, Mama. Vipya havijatoka," Tove akajibu, akamkatia nyama vipande vidogo vidogo.

Kaka yake, Vagn, alishuka kutoka chumba chake cha juu, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Alifurahi kumwona mama yake, maana kanisani alimlilia kwa dhati, hadi mpiga kinanda akampa leso yake. Akasema habari za jioni, akakaa, akaanza kula huku akiifikiria kazi yake.

Vagn alikuwa mhariri wa kamusi. Ofisi yake, kule Odense, ilimpa neno moja la kushughulikia wakati bado ana nywele: *tak*, neno ambalo watu wa Denmark hulitumia kushukuru. Wenzake walipewa herufi nzima nzima, wakazimaliza, wakastaafu, na wengine wakatangulia mbele ya haki. Vagn alikuwa bado na herufi zake tatu. Tatizo, kama alivyopenda kueleza hata asipoulizwa, ni kwamba neno lenyewe halikai nyumbani. Kwa Waswidi ni paa. Kwa Waholanzi ni tawi la mti. Wapolandi hulitumia kukubali na Wamalei hulitumia kukataa. Kwa Waajemi ni kitu kilicho peke yake, na huko India ni mpaka, kama mtu anavyosema mpaka kesho. Mengi ya hayo hayana undugu wowote, yamefanana tu kama watu waliokutana kituoni na koti la aina moja, lakini Vagn aliyafuata yote hadi mlangoni. La watu wa Denmark lenyewe lilizaliwa pamoja na neno la kufikiri. Zamani za kale, kumshukuru mtu kulikuwa ni kumfikiria. Hilo Vagn aliliandika vizuri sana, na aliwahi kulieleza kwenye maktaba ya mji wao wa Kerteminde mbele ya wasikilizaji wachache, nusu yao wakiwa wamekimbia mvua.

Alimaliza viazi, akapanda juu. Mama hakunyanyuka. Asubuhi walimkuta palepale, akaomba kahawa.

Alhamisi alikuja mchungaji, Bodil, mama mnene mchangamfu aliyekuwa ameongoza mazishi. Alimsalimu marehemu kwa mkono, akala keki ya mdalasini, akaeleza kwamba kwa upande wake makaratasi yote yako sawa.

"Sasa Mama Dagny," akauliza, "mbona uko hapa?"

"Siwezi kuinuka. Asante kwa chakula haijasemwa."

Bodil akatikisa kichwa kwa kuelewa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za huko, mlaji akishiba humshukuru aliyemlisha, naye hujibu karibu, ndipo watu husukuma viti nyuma. Dagny, mama yao, hakuwahi kuinuka kabla ya hapo hata siku moja, hata siku ile jiko liliposhika moto.

"Mlo wa mwisho ule, nani hakusema?" Bodil akauliza.

"Nani mwingine?" Tove akasema. "Aliondoka viazi vikiwa bado vinafuka moshi. Alikuwa amewapata Wamalei."

Vagn alikumbuka. Alipanda ngazi mbio akiwa na Wamalei wake, na aliposhuka kuja kumsimulia mama, mama alikuwa amekufa mezani, mikono imekunjwa, akisubiri.

"Basi hili si la kanisa," Bodil alisema akipangusa makombo. "Ni la adabu. Aseme tu yaishe."

Tove alitazama chini ya ngazi, palipokuwa na sanduku lake la safari. Alirudi katika nyumba hiyo kwa wiki chache tu, mikono ya mama ilipoanza kukataa kazi, na wiki hizo zilikuwa zimemfikisha kwenye mvi. Sasa rafiki yake Ruth, mwenye mbuzi na jiko la kutengenezea jibini kisiwani Bornholm, alikuwa amemwandalia chumba chenye dirisha la kutazama bahari. Feri ilikuwa Jumamosi. Tove alikitaka chumba hicho kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, lakini hangemwacha mama yake amekwama mezani na mtu asiyejua kahawa inawekwa wapi.

"Sema basi, kaka," alisema.

Vagn alisimama, akakohoa, akafungua kinywa. Likatoka la Waswidi. Paa la nyumba likanyanyuka kiasi cha shibiri, upepo na kelele za shakwe vikaingia, kisha likakaa tena.

"We Vagn!" jirani yao Holger alipiga kelele kutoka upande wa pili wa ua. "Vigae vyako vimevunja waridi zangu!"

Vagn alijaribu tena baada ya chakula cha jioni. Safari hiyo lilitoka la Waholanzi, na mgongo wa kiti cha mama ukachipua tawi lenye majani mabichi. Tove alilikagua, akaona ni imara, akatundika kitambaa cha kukaushia vyombo. Ijumaa mambo hayakuwa bora. Asubuhi alijikuta amekubali kwa Kipolandi kumsafishia Holger mifereji ya paa, na mchana amekataa kwa Kimalei pudingi aliyoitamani tangu Jumatatu.

"Mtaalamu wa shukrani," Tove alisema akiila yeye hiyo pudingi. "Wakikuuliza ofisini, waambie unafanya utafiti."

Miaka yote Vagn alikuwa amezipa lugha zote haki sawa, na sasa kinywa chake hakikuwa na upendeleo. Alijiona mjinga, tena mjinga mwenye shahada mbili, jambo lililomuuma zaidi kwa sababu ya pili ilimgharimu sana.

Jumamosi Tove alishuka na koti ambalo Vagn hakuwahi kuliona, la kijani, zuri. Aliwapakulia chakula cha mchana, mkate mweusi na samaki wa siki, akala yeye mwenyewe amesimama.

"Vagn," mama akasema walipomaliza. "Shika ukingo wa meza. Tazama sahani yako. Usifikiri. Ulikuwa unaweza ukiwa na miaka mitatu."

Akashika ukingo wa meza. Akatazama sahani.

"Asante kwa chakula, Mama."

Paa lilitulia. Hakuna kilichochipua. Vagn alihisi machozi yakimlenga, akasubiri mama ainuke.

Mama alikunja kitambaa chake mara mbili. "Karibu, mwanangu. Ila mimi sijapika."

"Mama?"

"Mikono yangu haijashika mwiko tangu wewe ulipoanza kuota upara. Siku ile ulikula viazi vya Tove. Jana vya Tove. Hao samaki, vilevile. Mimi nasubiri yeye aambiwe. Mwambie mwenyewe niende zangu, nimechoka kukaa."

Tove alikuwa mlangoni, mkono mmoja umeingia kwenye koti. Hakutazama pembeni. Alisubiri.

Vagn akamgeukia. Alilisikia neno likipanda safi kabisa, lile la nyumbani, la kumfikiria mtu. Basi akamfikiria. Akaziona mvi zake, akaliona lile koti, akauona mkono ulioshika kitasa kwa nguvu. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kufikiri, alipouona mkono ule akawakumbuka watu wa Aisilandi. Kwao neno hilo ni mshiko, na alikuwa hajawaingiza!

"Nisubiri kidogo tu, dada, nisije nikasahau," akasema, akapanda ngazi mbili mbili.

Katikati ya ngazi alijua anachokifanya. Aliona aibu kwelikweli, masikio yakamwaka moto. Akasimama akapima, akaona kwamba amekwisha kupanda zaidi ya nusu, akaendelea.

Aliposhuka, feri ilikuwa imekwisha ng'oa nanga. Koti la kijani lilikuwa limetundikwa kwenye tawi la kiti cha mama, na sanduku lilikuwa limezuia mlango wa jikoni usijifunge. Tove alikuwa anamenya viazi. Mama alikuwa anakunywa kahawa.

"Umewaandika?" Tove akauliza bila kugeuka.

"Nimewaandika."

"Na kwao ni nini?"

"Ni mshiko. Mkono ukikamata kitu usikiachie."

Tove akatazama kisu, akatazama kiazi. "Haya," alisema.

Saa kumi na mbili walikula. Mama alilalamika kwamba viazi vimepondeka. Vagn alikula vyote, akapangusa mdomo, akasukuma kiti chake vizuri chini ya meza kama alivyofundishwa, akapanda juu, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Mama alimtazama Tove. Tove alikusanya sahani tatu, akafungulia maji ya moto.

"Karibu," alikiambia kiti kitupu cha Vagn, akaanza kuosha.