Mkono Ulioinama Wenyewe

Katika kituo kidogo cha Chilendu, magharibi ya Dodoma, mchana ulikuwa na tabia ya kuota ndoto. Jua likishakaza, reli ilitiririka kama maji, migunga ikaelea juu ya ardhi, na mbuzi wakatembea bila miguu. Hata signali, ule mkono wa bati juu ya nguzo ndefu nje ya kituo, ilicheza ndani ya mazigazi, ikipanda na kushuka kama mkono wa mtu anayeaga. Wafanyakazi walishazoea. Aliyesema ameuona mkono ukitikisika alichekwa.

Generosa alifika pale kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, siku moja kabla ya treni ya wageni. Alikuwa mkaguzi wa usalama wa reli, mtumishi wa serikali. Ilikuwa miaka ile ya kuuza mashirika ya umma, na wageni hao walikuwa wanatoka Tabora, wakiikagua njia kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Ofisini walimwambia kazi yake ni ndogo: atangulie, aseme njia ni salama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtani," alijibu Mazengo, mkuu wa kituo. "Mbwa wangu nimemfungia ndani tangu waliponiambia mkaguzi ni Mhehe."

"Mfungulie tu, nimeshiba. Mimi nilichohofia ni Mgogo kuniomba nauli kabla sijashuka."

Mazengo alicheka mpaka akaishika kofia isidondoke.

Walikaa barazani kuitazama signali. Mkono ukinyooka, dereva asimame nje ya kituo, ukiinama, aingie. Uliinamishwa kwa waya mrefu uliotambaa ardhini kutoka kituoni, waya ambao Mazengo aliuvuta kwa mtambo wa mkono.

Jua likazama. Baridi ya uwanda ikashuka na mazigazi yakafutika, kila kitu kikarudi mahali pake. Hapo ndipo Generosa alipouona mkono ukiinama, taratibu, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani. Mazengo alikuwa na kikombe cha chai mikononi. Hakuna aliyegusa mtambo.

"Mkono umeinama," alisema Generosa.

"Mazigazi hayo, dada," alijibu Loisi, mshika bendera wa kituo, bila kugeuka.

"Jua limezama, Loisi. Mazigazi ya nani?"

Loisi akageuka.

Asubuhi waliufuata waya mpaka karibu na nguzo. Ndani ya majani makavu walikuta kijiti cha mgunga kimepenyezwa kwenye waya na kuusokota, vile wafugaji wanavyokaza kamba ya zizi.

"Joto linalegeza waya," Mazengo alieleza. "Mchana nikivuta, mkono hauinami, madereva wananitukana. Tuliomba vipuri, tukaambiwa tumsubiri mnunuzi. Basi tukaukaza kienyeji."

"Na jioni baridi inaukaza tena. Waya unauvuta mkono wenyewe, unamkaribisha dereva kwenye njia yenye treni nyingine. Mmeuona ukiinama mara ngapi?"

"Tulidhani ni macho, mtani."

Generosa alichuchumaa akakichomoa kijiti. Waya ukalala chini kama nyoka aliyeshiba.

"Kuanzia sasa hakuna treni inayoingia hapa kwa signali. Zote zisimame nje, Loisi aziongoze kwa bendera, kwa miguu."

"Wageni wanapita leo jioni," Mazengo alisema polepole. "Kirudishe, wapite. Kesho ukipikie chai."

"Na treni ya mizigo ya Dodoma itakuwa wapi hiyo jioni?"

Mazengo alitazama viatu vyake. "Hapa kituoni. Inawasubiri."

Kisha akaenda kupiga simu, treni zisimamishwe nje.

Jioni treni ya wageni ilisimamishwa nje, porini. Kisha Loisi akatangulia mbele yake na bendera ya kijani, na mabehewa yakamfuata taratibu kwenye vumbi la rangi ya asali, kama ng'ombe wanaorudi nyumbani. Wageni walichungulia madirishani, glasi mkononi. Ikaingizwa njia ya pembeni, ikasimama sambamba na matangi ya mafuta ya treni ya mizigo. Fabian, mkuu wa Generosa, alikuwa ameshuka hata kabla magurudumu hayajatulia.

"Umewatembeza wawekezaji kwa mwendo wa mazishi."

"Shikamoo, bosi."

"Signali ile pale, imenyooka kama rula. Hatari iko wapi?"

Generosa aliutazama mkono. Ulikuwa umenyooka kweli, na baridi ilikuwa imeshashuka. Hapakuwa na kitu cha kumwonyesha.

"Nimeshaitoa. Ilikuwa kijiti kwenye waya."

"Umetoa kijiti. Kwa kijiti watu hawa watasema reli yetu imekufa." Alishusha sauti. "Panda behewani, waombe radhi, useme uliona vibaya. La sivyo utakwenda kuhesabu mataruma ya reli kule Mpanda mpaka ustaafu."

Nyuma ya Fabian, madereva wa treni zile mbili walikuwa wanasalimiana kutoka dirisha hadi dirisha, wakiulizana habari za watoto. Generosa aliwasikiliza. Ilikuwa kama jioni nyingine, ile ya ajali ambayo haikutokea, inapita katikati yao bila taa wala honi.

"Mpanda nitakwenda," alisema. "Radhi siombi."