Sauti ya Siok-bi

Sindano ilizama mbele ya sikio, pale taya linapokutana na fuvu, na Siok-bi akasikia kitu kikisagika ndani ya kichwa chake kama mchanga.

"Usijikaze, mama," daktari alisema. "Bado upande wa pili. Siku tatu unywe uji tu. Usipige miayo, usicheke, usipaze sauti."

"Na kulia je?"

Daktari alidhani ni mzaha. Kumbe Siok-bi alikuwa mliaji wa kukodiwa. Miaka ishirini na sita alitambaa kwa magoti hadi kwenye majeneza ya watu wa Tainan, mji wa Taiwan, akiomboleza kwenye maikrofoni kwa niaba ya watoto wanaoona haya kulia. Kazi hiyo ndiyo iliyomla taya.

Saa nne asubuhi, mashavu yangali na ganzi, alisimama mbele ya bosi wake, A-thiam.

"Leo siwezi kupanua kinywa, bosi."

"Kwani maiti atakusubiri?" A-thiam alicheka. "Wewe tambaa tu, dada. Sauti ninayo." Akagongagonga simu yake.

Siok-bi alivaa joho jeupe, akapiga magoti. Turubai lilijaa waombolezaji. Spika zikakoroma, kisha sauti yake mwenyewe ikapasuka: "Mama! Rudi, mama! Ndara zako bado ziko mlangoni!"

Akaacha kutambaa. Maneno hayo hakuwahi kuyatumia kazini. Aliyasema mara moja tu, mwaka juzi, siku aliyomzika mama yake. A-thiam alikuja kumpa pole, akakaa safu ya nyuma, simu mapajani.

Aligeuka amwambie azime. Taya likanasa nusu wazi, neno halikutoka. Mate yakamchirizika kidevuni.

"Huyu anajua kazi," binti wa marehemu alimnong'oneza mumewe. "Ona, hadi mate."

"Tambaa, dada," A-thiam alisema meno yakiwa yamebana, akiwatabasamia wageni. "Watu wanakutazama."

Akatambaa.

Baada ya mazishi A-thiam alimpa barafu iliyofungwa kwenye mfuko. "Umeona? Hukuumia hata kidogo. Ila magoti yako yamezeeka. Mwezi ujao nitatafuta binti mwepesi, sauti tunayo tayari."

Siok-bi alikaa nyuma ya turubai, barafu shavuni. A-thiam alikuwa akijaribu spika kwa ajili ya msiba wa mchana.

"Mama!"

Bibi mmoja aliyekuwa akiosha mabakuli kwenye beseni aliinua kichwa, akafuta mikono kwenye aproni, akatazama huku na huku kumtafuta anayemwita.