Kichwa cha Sato

Lori lililotupeleka mbugani kutazama wanyama ndilo lilelile lililokosa dizeli siku mke wangu Wilhelmina alipozidiwa. Siku ile wakubwa wa kijiji walisema hakuna hata tone. Dizeli ya kwenda kutazama twiga ikapatikana, pipa zima. Nalisema hili kwanza ili mjue nilipanda na moyo wa namna gani.

Kijiji chetu, huku Mwamapalala, kilishinda kwa pamba mwaka mmoja baada ya kuhamishiwa kwenye nyumba za mistari. Zawadi ikawa safari ya siku moja. Aliyetoa pamba nyingi kuliko wote ni mimi, Machibya, na niliahidiwa kukaa mbele kwa dereva. Mbele akakaa Bwana Uledi, katibu, kijana wa Tabora aliyeletwa kutufundisha kulima na viganja vyake laini kama vya mtoto. Katikati, kati yake na dereva Joakim, akamkalisha Sayi.

Sayi ni mjane kama mimi. Tulikuwa tumekwisha kuelewana, bado mama yake tu. Asubuhi ile aliniambia kisimani, "Leo mama atakutazama. Usiniaibishe."

Nilijua maana yake. Kwetu mwanaume hali mbele ya mama wa mwanamke anayemtaka, wala hasogeleani naye. Hata kama hajatoa ng'ombe mmoja, akianza kujizuia hivyo, mama anajua huyu ana nia.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu bibi, mama yake Sayi, nimeinama, kisha nikaenda kukaa ubao wa mwisho kabisa.

Wenzangu wakatafuna michembe ya viazi na karanga njia nzima. Mimi nikameza vumbi. Kupitia kidirisha cha nyuma niliona kisogo cha Sayi kikitikisika kwa kucheka. Nani kasema nini huko? Tangu Bariadi mpaka Lamadi sikuona mlima wala mto, niliona kisogo. Lamadi katibu akashuka kununua sato wa kukaanga, kapu zima, kwa fedha ya kijiji.

Tulipoingia mbugani yeye na Sayi wakahamia nyuma ili waone vizuri. Uledi akasimama juu ya boksi. Pundamilia walikuwa wengi kama mbuzi mnadani, na twiga watatu wakatutazama kwa dharau. Halafu tukaona nyamera dume peke yake juu ya kichuguu, kifua mbele.

"Unamwona, Sayi?" Uledi akamshika kiwiko. "Anapanda juu ili majike yamwone."

"Ndiyo maana na wewe umepanda boksi," nikasema.

Watu wakaangua kicheko. Sayi naye akacheka, ila macho yake yalikuwa kwa katibu.

"Mzee Machibya," Uledi akasema, "wivu utakumaliza kabla ya simba."

Mzee! Nina miaka arobaini na mbili.

Mtoni Mbalageti, tukitazama viboko, Joakim akakataza watu kushuka. Tukala humohumo ndani ya lori, bibi akiwa ananielekea uso kwa uso. Uledi akagawa samaki. Nikasema mimi nimeshiba, na bibi akanitupia jicho la kuridhika. Nililiona, naapa.

"Mbona wewe huli, bwana katibu?" mtu akauliza.

"Mimi leo sili." Akachukua fungu lake, kichwa kikubwa cha sato, akamnyooshea Sayi. "Shika hiki changu, dada."

Changu! Damu ikanipanda. Nikaiona pamba yangu, nikaliona pipa la dizeli, nikauona mkono wake ulivyokuwa laini.

"Hicho si chako!" Nikakinyakua. "Nimekilima mimi, na ninakila mimi!"

Nikakila. Nikanyonya macho, nikavunja mifupa, nikalamba vidole kimoja kimoja nikimkazia yeye macho. Nilipoinua uso, bibi alikuwa amegeukia viboko. Sayi amejifunika kanga.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama tulipofika Bariadi. Sayi alikuwa amerudi mbele bila kunisemesha. Uledi akaruka chini, akazunguka nyuma ya duka la Maftaha. Nikamfuata. Nikamkuta amechuchumaa na bakuli la uji na tende mkononi, anakula kama aliyefunguliwa kamba.

"Karibu futari, Mzee Machibya. Mwezi wa Ramadhani huu."

Kumbe! Alikuwa amefunga tu. Kutokula kwake hakukuwa heshima kwa mama wa mtu. Nikakimbia hadi lorini.

"Mayu! Katibu anakula! Alikuwa na mfungo wa dini yake, hakuwa na adabu yoyote ya ukwe!"

"Anakula wapi?"

"Nyuma ya duka!"

"Mbele yangu?"

"Hapana, mayu, lakini—"

"Basi amejificha," bibi akasema. "Mtu wa kuja, hajui mila zetu, na bado amejificha. Wewe ngosha, mwanaume wa Kisukuma uliyezaliwa hapa, umenilambia vidole."

Uledi akarudi anafuta mdomo, akapanda nyuma kwetu, eti mbele kuna joto. Alipotaka kukaa, bibi akavuta kanga usoni, akainuka haraka kumpisha, kama mama anavyomkwepa mkwewe.

Bibi akaja kukaa kwangu. Njia yote mpaka Mwamapalala alikaa hapo, bega lake limeegemea bega langu, akitafuna michembe, kama mtu anavyokaa na jirani.