Kahawa ya Gozbert

...na bado anatafuna, mdomo wazi, kama fahali anayecheua, na zile punje za kahawa alizokuja nazo kwenye jani kavu la mgomba zimeshazunguka meza nzima kabla Kobugabe, aliyeshika kalamu, hajajaza karatasi ya alama, karibuni ndugu zangu, anasema, kwetu kutafuna pamoja ni kiapo, waliotafuna hawasemani vibaya, "Wewe Gozbert ni mwanafunzi au mkuu wa ukoo?" Alistides kacheka, lakini mkono wake umechukua, wa Nabasa umechukua, na Kobugabe naye, mdomo ulioshinda midahalo chuo kizima, kaitupa punje shavuni... kinyaa gani hiki, Mungu wangu, kununuliwa kwa kahawa, na mwalimu alisema wazi, alama za kikundi ni fungu moja, gawaneni wenyewe kwa haki, unayempa bure umemnyang'anya mwenzake, na huyo mwenzake ni Nabasa, akizikosa anarudia mwaka, Nabasa aliyepita Songambele shamba kwa shamba akikagua migomba iliyonyauka, shikamoo baba, shikamoo mama, halafu maongezi ya Kinyambo kitamu, lugha ya wenyeji ambayo Kobugabe haiwezi, mvua, matope mpaka magotini, wakati huo bwana Gozbert anatuma picha kutoka mjini Murongo, soda mkononi, niwekeni jina jamani, msinisahau... asahaulike vipi, nzi hasahauliki... "Mpe tu sawa na sisi, dada," Nabasa ananong'ona, hamtazami usoni, "si tumeshatafuna?" eti tumeshatafuna, Gozbert anamla binti wa watu mpaka upole wake, na kahawa ni kitu safi, bibi yake Kobugabe kule Nyabiyonza alimletea mgeni, mgeni akapokea kwa mikono miwili, bibi ndiye alitoa, siku zote mwenye nyumba ndiye anayetoa, nani aliwahi kuona mgeni anaingia kwa watu anawakaribisha kwao... ngoja... ngoja kwanza, nyumba hii ni ya nani? kazi hii kaisimamisha Nabasa, nguzo kwa nguzo, Gozbert hata uani hajafika, sasa anamkaribisha nani, wapi? "Kobugabe, mbona hutafuni?" anauliza Gozbert, meno yamejaa vumbi la kahawa, anatabasamu, na kalamu iko palepale juu ya jina lake, na punje iko palepale shavuni, nzima, jino halijaigusa, wala si kiapo tena, ni kitu cha kutema.