Breki za Kuteremkia kwa Kalunde

Fundi Ngure alibana breki ya mbele kwa mkono mmoja na kuzungusha gurudumu kwa mkono wa pili. Gurudumu likaendelea kuzunguka kama halijaambiwa kitu. Akajaribu ya nyuma, ikawa vile vile.

"Mama, na hii ndiyo imekutoa Kasikeu mpaka hapa Sultan Hamud?"

"Imekuja juu ya gari," Mutanu akasema. "Siipandi tena hivyo. Jumatano iliyopita ilinitupa kwenye mkonge."

Alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya kibanda, goti la kushoto amelinyoosha, mikwaruzo ya miiba ya mkonge ingali myekundu mikononi. Hakuondoa macho kwa fundi. Tangu afike alikuwa amemwona akifungua nati nne, na alijua kila moja ameiweka wapi.

Baiskeli ilikuwa ya marehemu mumewe, Kisilu, aliyekuwa mwinjilisti wa kanisa lao. Ni baiskeli ya milimani, ya mtumba, yenye matairi manene na breki za disk, zile zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu. Siku alipoinunua, Kisilu alipita mafundi watatu akikataa zote zenye breki za raba, akisema mtu wa kushuka vilima vya Kasikeu hawezi kutegemea vipande vya raba. Alipofariki, baiskeli ilisimama karibu na ghala mwaka mzima. Kisha asubuhi moja Mutanu aliitoa, akaenda nayo kwenye shamba lililokwisha kuvunwa ndengu, akaanguka, akaamka, akaanguka tena, mpaka akajua. Wamama wa kanisa walimsema wiki mbili, wakachoka.

Goti lake lilikuwa halitaki kuteremka kwa miguu. Kukanyaga pedali lilikubali. Na kila Jumatano alikuwa na safari moja, chini ng'ambo ya kilima, kwa mama mzee aitwaye Kalunde, ambako boda boda zilikataa kwenda tangu mvua ilipoila njia. Kalunde hakuwahi kusoma shule. Mutanu, aliyefika darasa la sita, alimsomea Neno, wakanywa uji, wakaongea. Siku nyingine za wiki Mutanu aliongea na kuku.

Sasa Jumapili mchungaji alikuwa ametangaza kwamba Alhamisi mwanawe Kalunde atakuja kumchukua, ampeleke kwake Kyuso, akakae huko. Leo ilikuwa Jumanne. Jumatano iliyopita Mutanu hakufika, aliishia kwenye mkonge, na Kalunde hakuwa na simu ya kuambiwa. Asipoteremka kesho, mama yule angeondoka akijua ameachwa bila kuagwa.

Ngure alipitisha kidole kwenye disk, akakinusa.

"Mama, hapa umepaka nini?"

"Mafuta ya mgando."

Kwenye kiti cha pili, mwuza njugu mmoja aitwaye Evanson, aliyekuwa akingojea pancha yake izibwe, alijifunika uso kwa kofia.

"Kila Jumamosi naipaka," Mutanu akaeleza. "Viatu, sufuria, baiskeli. Jumapili hatuendi mbele za Mungu na vitu vyenye kutu."

Kisilu alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi zamani, ile ya kubebea mitungi ya maji, na kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta mpaka ikang'aa. Alipokufa, Mutanu alichukua kitambaa akaendelea na hii mpya. Alianzia kwenye usukani akamalizia kwenye zile sahani mbili nyembamba za chuma. Hizo ndizo alizozipaka zaidi, maana Kisilu alizipenda.

"Disk haipakwi mafuta, mama," Ngure akasema pole pole. "Breki inashika kwa sababu ni kavu. Hizi pedi zinazoibana zimekunywa mafuta mpaka zimelewa."

"Hazikunywa zenyewe," Evanson akasema chini ya kofia. "Zilinyweshwa na mtu wa kanisa."

Mutanu hakucheka. Alitazama zile disk zikimetameta kwenye jua. Miaka mitatu ya Jumamosi, breki zikilegea kidogo kidogo, naye akidhani ni uzee. Yeye anayeona nati ikianguka kabla fundi hajaiona.

"Zinaoshwa?" akauliza.

"Disk inaoshwa. Pedi ni za kutupa. Na pedi za aina hii sina, mpaka Ijumaa, zitoke Nairobi."

"Ijumaa hapana."

"Basi kuna hii." Ngure alivuta kutoka nyuma ya kibanda baiskeli iliyokosa gurudumu la mbele. "Breki za raba. Fremu yako iko na mahali pa kuzifunga, tazama hapa, na rimu zako zinakubali. Nakutolea hizi pamoja na mikono yake ya kubania, maana kila breki na mkono wake. Leo unarudi nazo."

Mutanu alizitazama zile raba. Akilini alimwona Kisilu akitikisa kichwa mbele ya fundi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bwana, alisema moyoni, kama ni kiburi kitoe, kama ni akili iache. Kisha akainama, akashika kipande kimoja cha raba, akakikunja.

"Hii imepasuka."

Ngure akakitazama. "Kweli. Nabadilisha."

"Na hii nyingine ni ngumu kama ukwato. Nataka laini."

"Laini inaisha upesi."

"Ikiisha nitaiona. Hiyo ya disk sikuiona ikiisha."

Ngure akaleta mpya sita, akamwekea kwenye kiganja achague nne, naye akazikanda moja moja kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi.

Ikaja zamu ya cheni. Ngure aliivuta mbele kwa kidole, ikaachana na meno hadi mwanga ukapita katikati. Akamwonyesha. Mafuta ya mgando yalikuwa yamekamata vumbi, vumbi likala cheni, cheni ikarefuka, na ilivyorefuka ikala meno ya nyuma. Akiweka cheni mpya kwenye meno ya zamani itaruka.

"Ndiyo maana ikiona kilima inapiga kelele na kuteleza?"

"Ndiyo. Sasa mimi nakushauri hivi. Tutoe hizi gia zote, nikufungie moja. Watu wa huku wote nawafungia moja. Haisumbui."

"Watu wa huku wote wana magoti kama langu?"

"Ehe, Ngure, jibu," Evanson akasema.

"Kutoka kwa huyo mama ninayemtembelea ni kupanda tu," Mutanu akasema. "Naisukuma njia yote. Sitaki kusukuma tena. Nionyeshe meno uliyo nayo."

Ngure alitandaza gunia, akaweka mafungu matatu ya meno ya nyuma. Mutanu alishuka kwenye benchi akaliegemea kwa mkono, akahesabu meno kwa ukucha. Fungu la tatu lilikuwa na duara moja la ndani kubwa kupita kisahani cha chai.

"Hiyo ni ya kupandia miti," Ngure akasema. "Utakanyaga sana na huendi mbali."

"Siendi mbali."

Alimfungia yote mchana ule, cheni, meno na breki. Kabla ya kuondoka, Mutanu alimwomba Evanson akae kwenye kiti cha baiskeli, yeye akabana breki zote mbili, akamwambia Ngure asukume kwa nguvu zake. Matairi yaliburuta changarawe lakini hayakuzunguka.

"Na hizi disk?" Ngure akauliza, amezishika kwa kitambaa.

Mutanu alizitazama kidogo. "Mpe mtu asiye na mafuta nyumbani."

Jumatano, umande ukiwa bado kwenye majani, alifika kwenye mteremko. Akashuka kwanza, akaangalia raba mbele, akaangalia nyuma, akapanda. Alibana kidogo, akaachia, akabana. Raba zilinong'ona kwenye rimu. Pale penye mkonge aliona jani lililovunjika na kipande cha leso yake kingali kimening'inia, hakusimama.

Kalunde alikuwa ameketi mlangoni, miguu kando ya mizigo miwili iliyofungwa kwa kamba.

"Jumatano iliyopita niliweka uji," akasema kabla ya salamu. "Ukapoa nikaunywa peke yangu."

"Nilianguka, mwaitu." Ndivyo alivyomwita, mama, kwa Kikamba. Mama yake mzazi alikuwa amekufa zamani.

"Wapi?"

"Kwenye mkonge."

"Mkonge ulikukaribisha vizuri?" Kalunde aliishika mikono yake, akaipapasa mikwaruzo. "Kumbe. Mimi nikasema, amepata mwingine wa kutembelea, mwenye chai."

Mutanu akamwambia habari ya mafuta. Alimwambia yote, hata kitambaa cha Kisilu, ambacho Ngure hakuambiwa. Kalunde alicheka mpaka akakohoa, akashika mlango.

"Breki, mafuta. Na nilikuwa nasema wewe ndiye mwenye akili pande hizi."

"Huko Kyuso kuna wa kukusomea?"

"Mjukuu yuko, Mbula. Lakini anasoma kama anafukuzwa na nyuki."

"Mwambie apunguze."

"Nitamwambia ajifunge breki."

Wakanywa uji. Mutanu alisoma, kidole chini ya maneno, akirudia lile lililomshinda, na Kalunde alifumba macho kama alivyofanya siku zote, akiitikia mahali pake. Waliomba. Hawakuambiana "tutaonana". Kyuso ni mbali, na wote wawili walijua kuhesabu miaka yao.

"Nenda kabla jua halijapanda," Kalunde akasema. "Nisikuone ukisukuma."

Mutanu aliweka cheni kwenye lile duara kubwa. Alikanyaga pole pole, miguu ikizunguka sana na baiskeli ikienda kidogo, kama fundi alivyosema. Alipita mkonge. Goti lilinyamaza. Alipita mahali ambapo maji yalichimba njia. Juu kidogo kulikuwa na mwamba ambapo hata Kisilu, na nguvu zake, alikuwa akishuka na kusukuma. Alikaza macho kwenye gurudumu la mbele na kukanyaga, akakanyaga, mpaka njia ikalala tambarare chini yake.

Alifika juu bila kuweka mguu chini.

Akabana breki. Baiskeli ikasimama palepale. Akageuka huku na huku, akihema, kuona kama kuna aliyeona. Kulikuwa na mbuzi wawili wa watu wakitafuna majani ya mgunga. Huko chini, paa la Kalunde lilionekana dogo, na mlango wake ulikuwa umefungwa.

"Sikushuka," akawaambia mbuzi.

Akangoja kidogo, kisha akashika njia ya nyumbani, ambayo kutoka pale ilikuwa sawa tu, isiyohitaji breki wala gia.