Salamu ya Mbele ya Basi

Basi aliloendesha Valerian, huko Scarborough ughaibuni, lilifungwa kidude cha kumsaidia dereva mwezi wa Novemba, nacho kilikuja na mdomo kwelikweli. Kamera zake zikiona mtu mbele ya basi, kinapiga kelele na kuwasha taa nyekundu, na kila kelele inaandikwa ofisini. Anayevuka ovyo na anayekuja kusalimia, kwake wote ni ajali.

Na Mama Libérata alikuwa mtu wa salamu. Bibi huyo wa Bukavu alipanda basi hilo kila asubuhi akitoka misa. "Shikamoo, mama," Valerian alimwambia kwa Kitanzania chake, naye akajibu, "Muzuri, mutoto yangu," maana marahaba si ya kwao. Akishuka, hakukubali kuondoka bila kuaga. Alizunguka mbele ya basi, akasimama chini ya kioo, akapunga mkono. Valerian akiwa juu kwenye kiti chake alitazama huku na huku, na barabara ikiwa tupu, alimwonyesha kwa mkono apite. Ndipo bibi alipovuka kwenda kwenye ghorofa lao.

Kidude kikaanza kumshtaki Valerian. Wiki tatu, kelele kumi na nne, zote kituo kimoja. Msimamizi wake, Reza, ambaye wala si mtu mbaya, alimwita akamwonyesha orodha kwenye kompyuta. Zikiendelea, alisema, itabidi aondolewe barabarani. Valerian angeweza kumweleza, lakini aliona haya. Utaanzaje kumwambia mtu wa ofisini kwamba kuna bibi anayekuaga? Akasema tu amesikia.

Kesho yake, theluji ikianguka na abiria wamejaa, alimwambia Mama Libérata mlangoni bila hata kumgeukia:

"Mama, kuanzia leo usipite mbele. Pita nyuma."

"Nyuma, mutoto yangu?"

"Nyuma, mama. Tafadhali shuka."

Siku nne bibi alipita nyuma. Kidude kilinyamaza, na Valerian, Mungu amsamehe, alifurahi. Siku ya tano alikuwa ndiyo kwanza anaondoa basi aliposikia mlio wa breki. Gari lililotoka upande wa pili halikumwona bibi akichomoza nyuma ya basi, naye hakuwa na mtu wa kumwonyesha mkono. Alifia palepale barabarani.

Kidude hakikuandika chochote. Wiki hiyohiyo Reza alimpongeza kwa rekodi safi. Valerian alishukuru, akaenda kujifungia chooni, akalia kama mtoto.

Msibani alikaa sebuleni kwa Yvette, binti wa marehemu, sahani ya wali imempoa mapajani. Alikuja kusema, na alijua asiposema siku hiyo hatasema tena. Yvette akaja kuketi karibu naye.

"Papa Valerian, Mama alikuwa anapita mbele kila siku. Juu ya nini siku ile alipita nyuma?"

"Ni mimi niliyemwambia, dada. Ile mashine ilikuwa inanisemea ofisini. Nikaogopa kazi. Sikumweleza kitu, nilimwambia tu apite nyuma."

Alingoja atukanwe, afukuzwe. Angeshukuru. Yvette alijifuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Kumbe ni mashine," alisema. "Siku zile zote alikuwa anatuuliza hapa nyumbani, nilimukosea nini ule mutoto? Hata asubuhi ile alitoka akisema, leo nitamuomba musamaha."

Valerian aliikumbuka asubuhi ile vizuri. Bibi alikuwa amesita mlangoni, akamgeukia, akafungua mdomo. Naye alimwambia, shuka, mama, tumechelewa.